Baraka alikuwa analala na viatu vya shule: tiba ya kiwewe kwa mtoto, tulivyoipitia wiki kwa wiki

ShangaziBoma (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Uzi ni mrefu, nawaomba uvumilivu.

Wiki iliyopita jirani yangu alifiwa na mume. Nilikaa msibani nikasikia watu wazima wanne, mmoja baada ya mwingine, wakimwambia binti yake wa miaka kumi: "Usilie. Jikaze. Sahau, Mungu ana mipango yake." Niliumia, kwa sababu maneno hayohayo nilimwambia mtoto wa kaka yangu, na naamini yalimchelewesha kupona karibu mwaka mzima.

Kaka yangu alikuwa dereva wa bodaboda hapa Bomang'ombe. Asubuhi moja ya Machi 2022 alikuwa anampeleka mwanawe shule, lori likawagonga kwa nyuma kwenye barabara kuu ya Arusha. Kaka alifia palepale. Mtoto alivunjika mkono. Nitamwita Baraka, ingawa si jina lake. Alikuwa na miaka 8, darasa la pili. Mama yake anafanya kazi za ndani Muscat. Alikuja kuzika, wiki ya tatu akarudi kwa sababu ya mkataba. Mtoto akabaki kwangu.

Mkono ulipona. Kila aliyekuja kutujulia hali alisema mtoto mzima huyu, anakula, anacheza, wala hamuulizii baba yake. Nikaamini. Kumbe kutomuulizia ndiko kulikopaswa kunishtua.

Akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka minne. Lori likifunga breki kule barabarani anaganda, kikombe cha chai mkononi, macho hayapepesi, ukimwita hasikii. Shuleni akashuka kutoka nafasi ya tano hadi ya arobaini na kitu. Na kila usiku alilala na viatu vya shule. Namvua akishasinzia, nikiamka saa kumi alfajiri namkuta amevivaa tena, kamba zimefungwa mafundo mawili. Nikaona ni ukaidi. Nikamkaripia, na siku moja nikamchapa. Naliandika hili japo linaniuma, kwa sababu najua yupo mtu anasoma hapa ambaye jana usiku amemchapa mtoto kwa kukojoa kitandani.

Hospitali ya kwanza tuliyoenda tulikaa na daktari dakika tano, tukaandikiwa dawa za usingizi. Mtoto akawa anasinzia darasani na ndoto ziko palepale. Mwalimu wake wa darasa ndiye aliyenielekeza kwa mshauri mmoja kwenye hospitali ya rufaa, mama wa makamo, mpole, haongei sana. Hiyo ilikuwa Februari 2023. Akaniambia hii inaitwa tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, yaani mshtuko mzito unaobaki moyoni; wataalamu wanaifupisha kwa Kiingereza TF-CBT. Kikao kimoja kila wiki. Nusu ya muda anakaa na mtoto, nusu anakaa na mimi. Nikamwambia mgonjwa ni mtoto, mimi wa nini? Akajibu: "Mimi namuona saa moja kwa wiki. Wewe unamuona saa zote zilizobaki."

Wiki tatu za mwanzo hawakugusa ajali kabisa. Alimfundisha kupoza uji: unashika kikombe cha kuwaziwa, unanusa taratibu kwa pua, unapuliza polepole kama uji wa moto, mpaka mabega yashuke. Nyumbani tulifanya kila jioni, mimi naye, na siku nyingine mimi ndiye niliyehitaji zaidi. Kisha vizibo vya soda. Vizibo kumi kwenye mfuko wa plastiki. Hofu ikija, badala ya kueleza, anavipanga mezani. Viwili ni hofu ndogo. Kumi ni lori limefunga breki. Kwa mtoto ambaye miezi kumi na moja hakuwa ametamka neno "naogopa", kumuona akisukuma vizibo saba kuelekea kwangu, kimyakimya, ilikuwa ni mara ya kwanza anazungumza nami.

Mimi upande wangu nikaeleweshwa mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniambia. Kwamba ubongo wa mtoto aliyepata mshtuko ni kama mlinzi aliyewahi kuvamiwa: hata paka akipita anapuliza filimbi. Kwamba kukojoa si uvivu. Kwamba nisimlazimishe kuongea, lakini pia akimtaja baba yake nisibadilishe mazungumzo, kitu ambacho nilikuwa nakifanya kila mara nikidhani namsaidia.

Kuanzia wiki ya tano wakaanza kuandika kitabu. Daftari la kawaida la kurasa 48. Sura ya kwanza ni Baraka ni nani, anapenda nini, timu yake Simba. Sura ya pili ni baba, kabla ya ajali. Ya tatu asubuhi ya siku ile. Na kadhalika, polepole, kila wiki wanasoma tena kutoka mwanzo kisha wanaongeza kidogo. Kabla ya kusoma anapanga vizibo, baada ya kusoma anapanga tena. Mshauri alinionyesha: sura ileile iliyoanza na vizibo tisa, wiki mbili baadaye ilikuwa vinne. Ajali haikubadilika hata neno. Kilichopungua ni hofu ya kuikumbuka.

Wiki ya saba ndipo viatu vilipojieleza. Asubuhi ile Baraka alipoteza kiatu cha kushoto. Walikitafuta, kikaonekana nyuma ya mlango, baba yake akasema twende haraka tumechelewa. Basi mtoto wangu alibeba hilo kifuani miezi yote: kama ningekuwa nimevaa viatu, baba asingekimbiza pikipiki, lori lisingetukuta. Ndiyo maana alilala navyo. Ili kesho asimuue mtu mwingine.

Nilitoka nje nikalia kwenye benchi la wagonjwa.

Mshauri hakumwambia "si kosa lako". Mimi ningekimbilia kusema hivyo, na angeitikia "ndiyo shangazi" kisha akalala na viatu. Alichukua karatasi akachora chapati kubwa. Akamwambia hii ni chapati ya ajali, tumgawie kila aliyehusika kipande chake. Baraka akajikatia nusu nzima. Akamuuliza: nani alikuwa anaendesha lori? Lilikuwa linakwenda mwendo gani? Barabara ilikuwa kavu au imelowa? Wewe ulijua kuna lori linakuja? Rafiki yako akipoteza kiatu halafu baba yake akapata ajali, utamwambia amemuua? Hapo akatikisa kichwa kwa nguvu. Kila jibu lilipata kipande, na kila kipande kilitoka kwenye nusu yake. Mwisho alibakiwa na ncha kama ukucha. Akaitazama sana, kisha akaifuta mwenyewe kwa kifutio. Hiyo karatasi ninayo mpaka leo.

Hatua nyingine ilikuwa barabara. Kwanza tulisimama mbali, kwa mama muuza ndizi, tukahesabu malori kumi tukarudi nyumbani. Wiki iliyofuata karibu zaidi. Baadaye tukavuka. Mwisho tukapanda bajaji. Hakuna siku aliyolazimishwa, lakini pia hakuna siku tuliyoghairi katikati, maana mshauri alisema ukikimbia hofu ikiwa juu, mtoto anajifunza kwamba kukimbia ndiyo dawa.

Wiki ya kumi na tatu alinisomea kitabu chote, mimi na yeye na mshauri. Nilikuwa nimeandaliwa wiki mbili nzima nisije nikaanguka kwa kilio mtoto akadhani kaniumiza. Nililia kidogo, nikapoza uji, tukaendelea.

Vikao vilikuwa 14. Maswali karibuni.

MzeeWaKata

Dada pole sana kwa msiba wa kaka. Nimesoma yote. Ila niulize bila ubaya: sisi tulizika wazazi tukiwa wadogo, bibi alitulea, tukasali, tukakua. Mtoto kumrudisha kwenye ajali kila wiki, kumwandikisha, kumsomesha, si kutonesha kidonda? Kwetu tunasema yaliyopita si ndwele.

ShangaziBoma

Shikamoo mzee wangu. Swali hilo nilimuuliza mshauri siku ya kwanza, tena kwa ukali kuliko wewe. Jibu nililipata nyumbani. Baraka alikuwa anairudia ajali kila usiku, saa nane, peke yake gizani. Hakuna aliyemrudisha. Tiba ilichofanya ni kumpa mwenzake wa kwenda naye, mchana, taa inawaka, na akajua kwamba atatoka huko akiwa mzima.

Na bibi yako sitamdharau kamwe. Kama alikaa nanyi akawasimulia habari za wazazi wenu, akawaacha mlie, alikuwa anafanya sehemu kubwa ya kazi hii bila cheti.

MzeeWaKata

Marahaba mwanangu. Ni kweli, bibi alikuwa akitusimulia. Endelea.

MwalimuBungoma

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Bungoma, na hili jambo kwetu si geni. Watafiti wakiongozwa na Shannon Dorsey wa Chuo Kikuu cha Washington na Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke walifanya jaribio kubwa la tiba hii katika sehemu mbili: Bungoma kwetu, na Moshi, jirani kabisa na mwenye uzi. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, wote wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Nusu walipata tiba, nusu wakaendelea na huduma za kawaida za mayatima. Vikao vya kikundi vilikuwa 12, na kila mtoto akapata vingine vichache vya peke yake kwa ajili ya ile hadithi ya kifo chenyewe.

Jambo la kunifurahisha kama mwalimu: waliowaongoza watoto hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa, wakisimamiwa kwa karibu na waliowatangulia.

Matokeo yalichapishwa 2020, na nayasema bila kuyapamba. Katika maeneo matatu kati ya manne, yaani Kenya mjini na mashambani, na Tanzania mashambani, watoto waliotibiwa walipungukiwa na dalili kuliko wenzao. Moshi mjini tofauti haikuonekana. Baada ya mwaka mmoja, Kenya tofauti ilikuwa bado ipo. Tanzania wale ambao hawakutibiwa walikuwa wamewafikia wenzao. Kwa hivyo tusiseme kila mtoto bila tiba ataharibika. Wengi hupona wakipata malezi. Lakini mwaka mmoja wa kukojoa kitandani na kuchapwa ni mwaka mrefu kwa mtoto wa miaka minane.

MshauriDom

Dada ShangaziBoma, umeeleza vizuri kuliko sisi tunavyoeleza. Nafanya kazi hii Dodoma, niongeze machache ambayo naona watu hukosea.

Tiba hii ilitengenezwa Marekani na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger, na tangu awali mzazi au mlezi ni sehemu ya matibabu. Ukimleta mtoto ukakaa nje ukichezea simu, tumepoteza nusu ya kazi.

Si kila mtoto aliyeshtuka anaihitaji. Siku na wiki za mwanzo ndoto mbaya, kulia, kung'ang'ania mzazi ni kawaida. Rudisha ratiba: chakula saa zilezile, shule, kulala, mtu wa kumkumbatia. Mwezi ukipita na dalili hazipungui, au zinamzuia kusoma na kucheza, mlete. Ila akitaja kutaka kufa au akijidhuru, usisubiri mwezi, njoo siku hiyohiyo.

Kuhusu dawa za usingizi: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2013, limesema dawa za jamii ya diazepam zisitumike kutibu dalili za mshtuko kwa watoto katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Mwongozo huohuo unaitaja tiba ya fikra na tabia miongoni mwa tiba za kiwewe kwa watoto. Lakini mtoto ambaye tayari anatumia dawa, msimwachishe wenyewe nyumbani, rudini kwa daktari.

Na hili naomba lisomwe mara mbili. Kama aliyemuumiza mtoto bado yumo ndani ya nyumba, hatuanzi na kitabu. Kwanza usalama. Mtoto anayesimulia ukatili mchana kisha anarudi kulala chumba cha pili na mtesi wake, hiyo si tiba. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 hapa Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Kwa hiyo kesi hizi zimo humu humu kwenye nyumba zetu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au afisa ustawi wa jamii, au kituo cha Mkono kwa Mkono, kile cha kuhudumia waliofanyiwa ukatili, kama hospitali yenu inacho. Namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, ni ya bure, na Kenya pia ni 116. Mtoto amejeruhiwa au amebakwa, apate matibabu haraka. Fomu ya polisi ya PF3 isiwe sababu ya kumkalisha kwenye foleni huku anavuja damu.

MtotoWaBeni

Salamu kwenu wote. Miye ni wa Beni, Kivu ya Kaskazini, sasa naishi Kampala. Kwetu ajali si moja ambayo imepita na kwisha. Vita inakuja, inaenda, inarudi. Watu wakaniambia: utamponya namna gani mtoto wa vita wakati risasi bado zinalia? Lakini wamefanya. Mwaka 2013 zilitoka tafiti mbili za mashariki ya Kongo kwa tiba hii ya vikundi: moja ya wasichana 52 waliotumikishwa kingono, nyingine ya vijana wa kiume 50, wakiwemo waliokuwa askari watoto. Wote wakapata nafuu kubwa kushinda wale waliokuwa bado wanangojea zamu.

Mdogo wangu wa kiume alikaa msituni na waasi miezi saba. Hakupata hiyo tiba. Ana miaka 24 sasa, hawezi kukaa chumbani mgongo ukielekea mlango. Nimesoma habari ya viatu nikawaza: na yeye ana kiatu chake, hakuna aliyemuuliza.

ShangaziBoma

Ndugu yangu wa Beni, pole. Sina neno la kukutosha. Mtu mzima naye anatibika, usimkatie tamaa. Muulize tu siku moja, mkiwa mnafanya kazi nyingine ya mikono, si uso kwa uso.

UstadhMicheweni

Assalaam alaikum. Mimi nasomesha chuoni Pemba. Ilipozama meli ya abiria MV Spice Islander, Septemba 2011, nilikuwa na wanafunzi waliopoteza wazazi. Tuliwasomea, tuliwaombea dua, na naamini dua ina nafasi yake. Lakini kijana mmoja aliacha kabisa kwenda pwani, hata kuokota chaza na wenziwe. Tulimwita mwoga. Nasoma hapa habari ya kusimama mbali na barabara ukahesabu malori, nasikitika kwamba hatukujua kumsogeza baharini hatua kwa hatua namna hiyo. Dini haikutukataza. Hatukujua tu.

MamaWawiliTemeke

Naomba msaada. Mwanangu wa kike ana miaka 6. Mwezi wa nane majambazi waliingia ndani wakampiga baba yake panga mbele yake. Baba amepona, ana kovu. Mtoto sasa halali peke yake, na mchezo wake ni mmoja tu: anawapanga wanasesere, mmoja anagonga mlango, mmoja anapigwa, halafu anaanza upya. Kila siku. Nimemnyang'anya wanasesere. Nimekosea?

MshauriDom

Hujakosea kwa nia, mama, ila mrudishie. Mchezo huo ni lugha yake. Mtoto wa miaka 6 hana maneno ya kueleza alichokiona, ana wanasesere. Kaa chini naye bila kumkatiza, sema unachokiona: "Huyu anaogopa." "Huyu mama amekuja." Ukiona mchezo unazunguka palepale bila kuisha na mtoto anazidi kuwa na wasiwasi, hiyo ni dalili ya kuletwa kwa mtaalamu. Umri wake si mdogo mno. Tiba hii hutolewa kuanzia miaka mitatu, kwa michoro na wanasesere badala ya daftari.

ShangaziBoma

Mama Wawili, Jumatatu wahi hospitali ya rufaa ya mkoa saa mbili. Ukifika usiishie mapokezi kusema "mtoto halali", utaandikiwa dawa ukarudishwa. Sema: nataka kitengo cha afya ya akili, mtoto ameshuhudia tukio la kutisha miezi mitatu iliyopita. Wakikuzungusha, muulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Nenda na baba yake kama anaweza, maana mtoto anahitaji kuona lile kovu likizungumzwa na mwenye nalo. Na umwambie mapema mnakwenda kumuona mama wa kuongea naye, hakuna sindano.

MamaWawiliTemeke

Nimerudi. Tulizungushwa madirisha mawili, nikasema kama ulivyoniandikia, tukapelekwa. Tumepangiwa Alhamisi, sisi wote watatu. Wanasesere nimemrudishia. Jana alicheza mchezo uleule, nikakaa chini naye. Mara ya nne mlango ulipogongwa alinipa mmoja akasema, "Huyu ni wewe, ingia."

ShangaziBoma

Andika hapa Alhamisi mkitoka. Nitakuwa nangoja.